Jino linapwita na mjini watu wanakohoa: niende kliniki ya meno au nisubiri?

SWALI: "Shikamoo daktari. Nina gego la chini lenye tundu tangu mwaka wa korona. Wakati ule niliogopa kwenda, nikaacha. Sasa linapwita usiku hadi nakosa usingizi, na hapa Tanga watu wanakohoa kila kona, habari za ugonjwa wa kuambukiza zimeanza tena. Mume wangu anasema kwa daktari wa meno ndiko kwenye hatari kuliko kote, maana unakaa umefungua mdomo. Je, ni salama kwenda? Nikinunua antibaiotiki duka la dawa nikasubiri hali itulie, nitakuwa nimekosea? Na mwanangu wa miaka saba ana gego jeusi la nyuma, ila haliumi. Naye nimpeleke?"

JIBU: Marahaba, mama. Nenda, tena wiki hii, lakini piga simu kwanza na uchague saa. Jino linalopwita lenyewe usiku bila kuguswa na chochote, aghalabu uozo wake umeshafika kwenye kiini, penye neva na mishipa ya damu. Likifika hapo halirudi nyuma. Maumivu yanaweza kukoma ghafla baada ya siku kadhaa ukadhani umepona, kumbe kiini kimekufa na vijidudu vinateremka kwenye mzizi kuelekea mfupa wa taya. Hatari ya kukaa nyumbani, basi, inakua kila wiki. Hatari ya kwenda inaweza kupunguzwa sana, na nitakueleza inavyopunguzwa, upande wako na upande wa kliniki.

Hofu ya mumeo ina msingi. Drili ya meno huzunguka mara laki mbili hadi nne kwa dakika, na ili jino lisiungue hupoozwa kwa maji yanayopulizwa moja kwa moja juu yake. Mashine ya kuondolea ugaga hutetema makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, nayo humwaga maji. Maji hayo yakigonga jino hupasuka kuwa vitone. Vikubwa huanguka kifuani pa mgonjwa na sakafuni ndani ya sekunde chache. Vidogo kabisa hubaki vikielea chumbani, vikiwa vimechanganyika na mate. Ndiyo sababu tarehe 16 Machi 2020 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliwashauri wanachama wake waahirishe kila kisicho cha dharura, na kule England huduma za kawaida za meno zilisimama kuanzia mwishoni mwa Machi hadi tarehe 8 Juni mwaka huo. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri matibabu ya meno yasiyo ya lazima yaahirishwe pale ambapo maambukizi yalikuwa yameenea katika jamii. Wakati ule hakuna aliyejua ukubwa wa hatari, na tahadhari ilikuwa haki.

Kidogo kidogo picha ilibadilika. Juni 2020 madaktari wa meno 2,195 wa Marekani walihojiwa, na waliokuwa wamethibitika au kudhaniwa kuwa na korona hawakufika asilimia 1. Hao ndio watu wanaoinama juu ya vinywa vya wengine kutwa nzima. Kisha mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walichapisha kazi iliyofuatilia vitone vinavyoruka wakati wa matibabu: walivikusanya usoni kwa daktari na msaidizi, kifuani pa mgonjwa na mahali pengine chumbani, wakachunguza vijidudu vyake vimetoka wapi. Sehemu kubwa ilitoka kwenye maji ya mashine, na mate yalichangia kidogo sana. Lakini soma matokeo haya kwa uangalifu. Wengi wa madaktari wale walikuwa wamevaa kinga, na vifaa vya kufyonza mate vilikuwa vikifanya kazi. Kwa hiyo yanaisemea kliniki inayofuata taratibu. Kliniki isiyofuata hayaisemei.

Sasa fikiria kwa utulivu: ukiwa pale, ni nani hasa anaweza kukuambukiza ugonjwa wa njia ya hewa? Vitone vinavyotoka kinywani mwako ni vyako mwenyewe. Vinamtisha daktari, wewe havikuambukizi kitu. Wanaobaki ni watatu. Wa kwanza ni mtu anayekohoa kwenye benchi la kusubiria. Wa pili ni daktari au msaidizi wake, ambaye akiwa amevaa barakoa inayobana vizuri hatari yake inashuka sana. Wa tatu ni mgonjwa aliyekutangulia, ambaye ameshaondoka lakini ameacha hewa yake chumbani. Kwa maoni yangu benchi ndilo linalosahauliwa kuliko vyote: watu huogopa kiti cha matibabu watakachokalia nusu saa, halafu wakakaa saa mbili katika kibaraza kilichojaa, kila mtu ameshusha barakoa ili apige simu.

Suala la hewa nitalirefusha kidogo, maana kwetu pwani ndipo mambo huharibika. Joto likizidi kliniki hufunga madirisha na kuwasha kiyoyozi cha ukutani. Kiyoyozi cha aina hiyo huvuta hewa ileile ya chumba, huipoza na kuirudisha. Hakiingizi hewa mpya hata kidogo. Chumba kinakuwa baridi na kisafi machoni, huku hewa ya mgonjwa wa saa tatu ikiwa bado ipo saa nne. Hesabu yake inajulikana. Chumba ambacho hewa yake hubadilishwa mara 12 kwa saa huondoa asilimia 99 ya chembe zinazoelea kwa dakika 23. Ikibadilishwa mara 6 kwa saa, inachukua dakika 46. Ikibadilishwa mara 2 tu, kama inavyotokea chumba kikifungwa, ni dakika 138, yaani zaidi ya saa mbili. Ndiyo maana England kliniki zilipofunguliwa, baada ya kutumia drili chumba kiliachwa kitupu hadi saa nzima kabla ya kuingiza mgonjwa mwingine. Dirisha moja likifunguliwa pamoja na mlango au dirisha la upande wa pili, upepo wa bahari hufanya kazi kubwa kuliko mashine nyingi za bei mbaya, mradi upepo utoke nje na usipite kuelekea kwenye benchi la wanaosubiri. Feni ikiwekwa dirishani, ielekezwe isukume hewa nje. Feni inayozunguka katikati ya chumba kilichofungwa inasambaza tu.

Kutokana na hesabu hiyo unapata shauri moja rahisi lenye thamani kuliko mengi: omba kuwa mgonjwa wa kwanza asubuhi. Chumba kimelala usiku kucha bila mtu, benchi liko tupu, na hakuna mgonjwa aliyekutangulia. Nafasi hiyo ikikosekana, uliza kama kuna muda wanaoacha kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Hayo uliza kwenye simu. Uliza pia kama madirisha ya chumba cha matibabu hufunguliwa, kama wana pampu kubwa ya kufyonza mate, na kama vifaa hutakaswa kwa mashine ya mvuke, yaani otoklevu, baada ya kila mgonjwa. Usione haya. Kliniki nzuri hujibu bila kusitasita, na pale Machi hadi Juni 2020 wengi wetu tuliofanya kazi hii tulizoea kuulizwa. Ukijibiwa kwa hasira au kwa maneno ya juujuu kama "usijali mama, sisi tuko vizuri", tafuta pengine. Kwenye simu hiyohiyo eleza dalili zako: limeanza lini kuuma, kuna uvimbe au hakuna, una homa, kikohozi au mafua, una mimba, una kisukari, presha au pumu, na dawa unazotumia. Maelezo hayo humwezesha daktari kupanga kazi yako iishe kwa safari moja, na kila safari iliyopungua ni hatari iliyopungua.

Siku yenyewe piga mswaki nyumbani, kwa sababu maliwato ya kliniki si mahali pa kupigia mswaki wakati wa mlipuko. Kula kabla ya kwenda. Mtu mwenye njaa na hofu huzirai kwenye sindano ya ganzi, na hilo hutokea mara nyingi kuliko ajali nyingine yoyote pale kitini. Nenda peke yako, mumeo akusubiri nje. Vaa barakoa inayofunika pua na kubana mashavuni, na usiivue mpaka daktari akuambie. Ukiivua ikunje, upande wa ndani ubaki ndani, uitie kwenye mfuko wa karatasi. Ukiiweka mapajani inaloa vitone vyote vinavyoanguka.

Huenda ukapewa dawa ya kusukutua kabla ya kuanza. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ama haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1 au povidoni ya ayodini ya asilimia 0.2, kwa sekunde 20. Huenda ikapunguza virusi vilivyomo kwenye mate kwa muda mfupi, basi. Haitibu wala haimkingi mtu asiambukizwe. Kama una mzio wa ayodini, una tatizo la tezi ya shingo au una mimba, mwambie daktari atumie ile nyingine. Nyumbani huhitaji hata moja. Chupa ya peroksaidi ya duka la dawa huwa na asilimia 3, na ikitumiwa kinywani bila kuchanganywa na maji huunguza ngozi laini ya ndani ya mashavu.

Ukishalala kitini utaona mirija miwili. Mwembamba uliopinda hutundikwa mdomoni kunyonya mate yaliyojikusanya. Mnene, wenye mdomo wa milimita 8 au zaidi, hushikwa na msaidizi karibu kabisa na jino linaloshughulikiwa, na ndio unaomeza vitone kabla havijasambaa. Ukishikiliwa vizuri huondoa karibu asilimia 90. Daktari anayetumia drili akiwa peke yake, bila msaidizi wa kushika mrija huo, anakosa kinga kubwa iliyopo. Kuhusu ule mwembamba, kuna jambo dogo wagonjwa hawaambiwi: usiufumbie midomo. Ukiubana midomo kama unavyonyonya soda, mvuto hugeuka kwa muda mfupi na majimaji ya ndani ya mrija, pamoja na mabaki ya mgonjwa aliyepita, yanaweza kurudi kinywani mwako. Acha midomo wazi, mrija ufanye kazi yake.

Kama tundu litazibwa, au mizizi itasafishwa, muulize daktari kama atatumia shuka la mpira. Ni kipande chembamba cha mpira kinachotobolewa tundu dogo, jino hutokeza hapo na kinywa kingine chote kikabaki nyuma ya mpira. Mate hayafiki kwenye drili, kwa hiyo kinachoruka ni maji matupu. Hukinga pia koo lako lisiangukiwe na sindano ndogo za kusafishia mizizi. Kusafisha mizizi bila shuka hilo, mlipuko uwepo usiwepo, ni kazi nusu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo korona ilitufanya tulisahau. Hatari kongwe ya kliniki ya meno ni vifaa vyenyewe. Kirusi cha homa ya ini B huishi kwenye damu iliyokauka juu ya chuma kwa siku 7 au zaidi, na kinaambukiza kwa damu kidogo mno isiyoonekana kwa macho. Kuchemsha vifaa sufuriani hakutoshi. Kuviloweka kwenye dawa dakika kumi na kuvisuuza hakutoshi. Kinachotosha ni otoklevu: mvuke wenye mgandamizo, nyuzi joto 121 kwa dakika 15 hadi 30 kutegemea mashine na mzigo, au nyuzi 134 kwa dakika 3 hadi 4, baada ya vifaa kusuguliwa na kuoshwa kwanza. Kinachoharibika mara nyingi ni haraka. Mashine hujazwa kupita kiasi, mvuke ukashindwa kupenya katikati, au vifurushi hutolewa vikiwa vimelowa, na karatasi iliyolowa hupitisha vijidudu papo hapo.

Wewe kama mgonjwa unaweza kuyaona haya kwa macho yako. Vifaa vinatakiwa viletwe vikiwa kwenye kifuko kilichofungwa, upande mmoja karatasi, upande mwingine plastiki angavu, na kifunguliwe mbele yako. Pembeni mwa karatasi kuna alama ndogo iliyobadilika rangi kwa joto la mvuke. Msaidizi akuoneshe ilivyobadilika. Kifuko kiwe kikavu, kisichotoboka. Kichwa cha drili nacho kitakaswe vivyo hivyo, kwa sababu kinaponyamaza hufyonza majimaji kidogo kuelekea ndani. Kukifuta kwa pamba yenye spiriti hakufikii ndani huko. Sindano na kichupa cha ganzi ni vya mtu mmoja, vikafunguliwe ukiviona. Glavu zibadilishwe, daktari akishika simu au kitasa cha droo na glavu zilezile zilizokuwa kinywani, mwombe avae nyingine. Hilo si utovu wa adabu.

Kliniki iliyokuwa imefungwa kwa muda ina tatizo lake pia. Maji yanayolala kwenye mirija myembamba ya kiti cha meno hujenga utando wa bakteria. Mwaka 2011 nchini Italia mwanamke wa miaka 82 alikufa kwa nimonia iliyotokana na bakteria wa lejonela, na chanzo kilipatikana kwenye maji ya kiti cha daktari wake wa meno. Dawa yake ni kufungulia maji yapite kila mrija dakika mbili kila asubuhi, na sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa, pamoja na kuisafisha mirija kwa dawa kama mtengenezaji alivyoagiza. Ukiwa mgonjwa wa kwanza asubuhi, kama nilivyokushauri, unayo haki ya kusikia mashine ikimwaga maji kabla hujalala kitini.

Jino lako, kwa maelezo uliyotoa, lina njia mbili: kusafishwa mizizi au kung'olewa. Kung'oa kwa koleo hakuhitaji drili mara nyingi, hakurushi vitone vingi, na huisha safari moja. Kusafisha mizizi huokoa jino lakini huchukua safari moja hadi tatu na kunahitaji drili. Wapo watakaokushauri ung'oe kwa sababu tu ya mlipuko. Mimi sikubaliani. Gego la kutafunia likiwa bado lina kuta imara linastahili kuokolewa, na daktari mwenye shuka la mpira, pampu na dirisha wazi anaweza kufanya kazi hiyo salama. Kinachoweza kungoja ni kusafisha ugaga kwa mashine, kung'arisha meno, na kubadilisha ziba la zamani lisilosumbua. Lakini kungoja kuwe kwa wiki, wiki hizo zisigeuke miaka kama zilivyogeuka kwako.

Ikiwa siku ya miadi wewe mwenyewe una homa, kikohozi kipya au umeacha kusikia harufu, usiende kimyakimya ukameza panadoli ili wasikugundue kwa kipimajoto. Piga simu. Matibabu yasiyo ya dharura husogezwa hadi upone. Wakati wa korona mwongozo wa Marekani uliweka siku 10 tangu dalili kuanza, na homa iwe imekwisha kwa saa 24 bila dawa. Kama ni dharura, daktari atakuweka mwisho wa siku na kuvaa kinga kamili. Si kila mlipuko unapita kwenye hewa pia. Homa ya nyani, ambayo Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliitangaza dharura ya kimataifa ilipokuwa ikisambaa kutoka Kongo hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, huenea zaidi kwa kugusana, na vidonda vyake huweza kutokea mdomoni. Ukiwa na vidonda au malengelenge usiyoyajua, yataje kwenye simu kabla ya kufika.

Kuhusu antibaiotiki, jibu ni hapana, usinunue. Kiini kilichowaka au kilichokufa hakipati damu ya kutosha, na dawa unayomeza husafiri kwa damu. Haifiki pale penye ugonjwa. Unaweza kupata nafuu ya siku chache, kisha jino linarudi na vijidudu vilivyozoea dawa. Antibaiotiki ina nafasi yake maambukizi yakishatoka nje ya jino, ukawa na homa au uvimbe unaosambaa, na hata hapo ni msaidizi tu wa kulifungua jipu au kuling'oa jino. Anayeamua ni daktari aliyekuona.

Ukingoja siku yako, maumivu yatulize hivi. Mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila saa 6, na isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, kila saa 8, huongeza nguvu, na dawa hizi mbili kwa pamoja hutuliza jino vizuri kuliko moja peke yake. Ibuprofeni iache kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, au mimba. Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Mafuta ya karafuu yanafaa kweli, kwa sababu yana yujenoli inayotia ganzi: tone moja kwenye kipamba kidogo, uweke ndani ya tundu, uondoe baada ya dakika chache. Yasiguse fizi kwa muda mrefu, huunguza. Aspirini iliyosagwa na kubandikwa kwenye fizi huacha kidonda cheupe kinachouma kuliko jino lenyewe. Na usikande shavu kwa maji ya moto. Kama kuna usaha, joto la nje linaweza kuuvuta uje upande wa ngozi. Kanda kwa baridi.

Zipo dalili zinazoondoa mjadala wote wa mlipuko: uvimbe mgumu chini ya kidevu au shingoni, ulimi ulioinuka, kushindwa kumeza mate, sauti iliyobadilika, mdomo usiofunguka upana wa vidole viwili, jicho linalofungwa na uvimbe, au damu isiyokatika baada ya kubana kitambaa safi kwa dakika 20. Hapo nenda hospitali ya mkoa saa ileile, hata kama ni saa nane ya usiku. Usaha unaoshuka chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache.

Sasa mwanao. Kwanza tujue ni gego lipi. Anzia katikati ya meno ya mbele, hesabu kurudi nyuma upande mmoja. La nne na la tano kwa umri wake bado ni ya utoto, na yatang'oka kati ya miaka 9 na 12. La sita ni la ukubwani. Huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno yote, bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo wazazi wengi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze. Kama jeusi ni la sita, mpeleke bila kuchelewa. Hilo halina mrithi.

Na kwa kuwa haliumi, yeye ana bahati ambayo wewe huna: linaweza kutibiwa bila drili kabisa. Ipo mbinu iliyoanzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikiongozwa na daktari Jo Frencken, ikaenezwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia Siku ya Afya Duniani tarehe 7 Aprili 1994. Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, na mlipuko ulipokuja ikaonekana thamani yake nyingine, kwamba hairushi vitone. Daktari hupanua mdomo wa tundu kwa kipatasi kidogo cha mkono, hukwangua uozo laini kwa kijiko chenye ncha ndogo, hupaka asidi nyepesi kwa sekunde 10 hadi 15, huosha kwa pamba yenye maji na kukausha. Kisha huchanganya unga na maji ya saruji ya meno inayotoa floraidi, huijaza, na kuigandamiza kwa kidole chenye glavu kilichopakwa vaselini, ili iingie hadi kwenye vijifereji vya juu ya jino. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Saruji hiyo iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mtoto akikataa kabisa kukwanguliwa, kuna dawa ya matone yenye fedha na floraidi ya asilimia 38. Hupakwa ndani ya tundu kwa dakika moja, na husimamisha uozo. Gharama yake ni rangi: sehemu iliyooza inakuwa nyeusi tii daima, jambo ambalo kwa gego la nyuma si kitu. Midomo ipakwe vaselini kwanza, kwani tone likiangukia ngozi huacha doa la wiki moja au mbili. Hupakwa tena baada ya miezi 6. Dawa hii na ile saruji hazifai jino likishaanza kuuma lenyewe usiku au fizi ikitoa kipele cha usaha, kwa hiyo muda wa kuzitumia kwa mwanao ni sasa, kabla halijafika lilikofika lako.

Akishazibwa, asile kitu kwa saa moja, na siku hiyo asitafune miwa, bisi wala ubuyu upande ule. Usiku apige mswaki kama kawaida kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, ateme povu na asisuuze kwa maji mengi. Mswaki umshikie wewe pale nyuma. Kwa miaka saba mkono wake bado haufiki vizuri kwenye lile la sita.